Barabara Iliyomzunguka Mama Mkwe

Nimepaka barabara maisha yangu yote ya kazi na sijawahi kumiliki hata pikipiki. Nawaambia mapema ninyi vijana mnaojifunza kazi hii, asije mmoja wenu akadhani kwamba ukichora mistari ya magari basi na gari litakuja lenyewe. Kilichokuja kwangu ni mgongo unaouma kila mvua ikikaribia, na hapa Kakamega mvua hukaribia karibu kila siku baada ya chakula cha mchana. Mke wangu hasikilizi tena utabiri wa hali ya hewa redioni. Ananitazama ninavyoinuka kitini, kisha anaenda kuanua nguo.

Mwalimu wenu wa chuo cha ufundi ameniomba niwaandikie kuhusu aina za rangi na namna ya kuzichanganya. Hayo yameandikwa ubavuni mwa debe, someni huko. Mimi nitawaeleza kazi yangu ya mwisho, ile ya bustani ya barabara, kwa sababu ndani yake mna kila kosa mtakalofanya na mengine ambayo, Mungu akiwapenda, hamtapata nafasi ya kuyafanya.

Lakini kwanza Mzee Barasa, aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye kofia moja. Nikiwa bado mgeni, tulitumwa kupaka upya mstari wa katikati huko Likuyani, kati ya mashamba ya mahindi. Mstari ule ulikuwa umenyooka vizuri, ila mbele ya kinu kimoja cha kusagia unga ulijikunja kidogo kama tumbo la mtu aliyeshiba, halafu ukarudi kunyooka. Nikamuuliza mzee kwa nini. Akasema zamani sana, walipokuwa wakipaka mara ya kwanza, kulikuwa na mlevi amelala pale barabarani. Walimwamsha akakataa kuamka. Basi wakampitia pembeni.

"Na sisi tufanyeje?" nikauliza.

"Fuata."

"Lakini mlevi hayuko, mzee."

"Mstari uko. Mtu anayepaka upya haulizangi maswali. Anafuata."

Tukafuata. Na waliokuja baada yetu nasikia wamefuata pia. Yule mlevi hajui kwamba malori yote yaendayo huko humpisha mpaka leo. Likumbukeni tumbo hilo, tutalirudia.

Sasa bustani. Bustani ya barabara ni mji mdogo uliochorwa kwa rangi kwenye sakafu. Una barabara zake, njia panda, mahali pa kusimama basi, na kile kivuko cha milia ambacho sote tunakiita zebra. Watoto hupita humo kwa miguu au wakiwa wamejivika maboksi kiunoni wakijifanya magari, na hivyo hujifunza sheria za barabara bila kugongwa na kitu chochote kizito kuliko mwenzao.

Shule iliyotuita iko kando ya barabara kuu, upande wa kwenda Mumias. Sitaitaja jina. Upande mmoja wa lami ni shule, upande wa pili ni nyumba za watoto wenyewe, na katikati hupita malori ya miwa, matrekta yanayovuta miwa, na pikipiki zilizobeba watu, magodoro na mbuzi. Muhula uliotangulia, msichana wa darasa la tatu anayeitwa Ayuma aligongwa na pikipiki akitoka shule. Alivunjika mguu. Alirudi darasani akichechemea, na tangu siku hiyo akifika ukingoni mwa lami alikuwa anaganda. Bibi yake ilibidi ambebe mgongoni kuvuka, mtoto mkubwa wa darasa la tatu, asubuhi na jioni. Nawaambia wazi kwamba jambo hilo liliniuma. Nilikuwa nimepita pale na mashine yangu ya rangi mara nyingi sana, nikapaka mstari wa kuwaonyesha madereva njia yao, na hatukuwahi kuweka hata mlia mmoja wa kumwonyesha mtoto yake.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Nafula, mama mwembamba mwenye sauti ya kengele, alikuwa ameomba zebra iwekwe. Wenye barabara wakamjibu kwamba haiwezi kuwekwa mpaka uchunguzi ufanyike. Akauliza uchunguzi utafanyika lini. Wakamjibu kwamba hilo nalo linachunguzwa. Ndipo wakatokea wafadhili wa mbali wakasema zebra ya kwenye barabara kuu hawawezi, lakini wanaweza kuchora barabara nzima ndani ya shule. Mwalimu Nafula akakubali, kwa sababu mtu mwenye kiu hakatai maji ati kwa kuwa aliomba chai.

Mkandarasi aliyepata kazi aliitwa Makokha. Nilikuwa nimefanya naye kazi kabla ya hapo na nampenda, lakini ni mtu wa mbwembwe. Alivaa kizibao cha kung'aa hata kanisani. Kofia ngumu hakuivua ila kwa sala, na kwa sala aliivua baada ya kusikia "tuombe" mara mbili. Alikuja na mchoro wa wafadhili ndani ya bomba refu, akashuka kwenye pikapu yake, akapiga hatua kama mtu anayeenda kuzindua kitu, akakunja kona ya madarasa kuelekea sakafu tuliyopewa kupaka. Sekunde hiyo hiyo akarudi mbio akajibanza nyuma ya pikapu.

"Fundi," akanong'ona, "yuko?"

"Nani?"

"Yule. Ameketi katikati."

Nikachungulia. Sakafu ile ilikuwa zege pana la ghala la zamani lililobomolewa, mahali pekee pakavu na laini katika kijiji kizima. Yote ilikuwa imefunikwa na mahindi. Ulikuwa msimu wa mavuno, na kina mama wa pale walikuwa wameanika kila mmoja fungu lake. Katikati kabisa, kwenye kiti cha mbao kisicho na mgongo, aliketi mama mmoja mnene wa leso ya samawati, fimbo ndefu mkononi ya kufukuzia kuku.

Huyo alikuwa Mama Mmbone. Alikuwa bibi yake Ayuma, yule aliyembeba mgongoni. Na alikuwa mama mzazi wa Imali, mke wa Makokha.

Ninyi wa siku hizi mnawapigia wakwe zenu simu za picha, kwa hiyo nieleze. Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hamsalimu kwa mkono, hali mezani kwake wakitazamana, hapiti karibu na kiti chake. Wakikutana njiani, mwanamume huingia kwenye miwa mpaka mama apite, hata kama amevaa suti. Makokha alikuwa na mashine za kisasa na simu mbili, lakini katika jambo hili alikuwa mtu wa zamani kuliko babu yangu. Alijua shule iko kijijini kwa wakwe zake. Alifikiri tu kwamba mama mkwe huanika mahindi nyumbani kwake.

Basi nikaenda mimi.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, Fundi. Huyo anajificha nyuma ya gari ni nani?"

"Ni mkandarasi, mama."

"Mkandarasi ni mkwe wangu?"

"Ndiye."

"Mwambie nimemsalimia. Anaendelea vizuri? Imali hajambo? Haya. Sasa mwambie hii mahindi haiendi mahali. Sisi tunaanikanga hapa tangu ghala ivunjwe."

Tatizo lilikuwa jua. Rangi inataka sakafu kavu kuanzia umande ukiisha mpaka mvua ya mchana ianze. Mahindi nayo yanataka sakafu hiyo hiyo na jua lile lile. Kina mama wengine walikubaliana na Mwalimu Nafula wasogee upande mmoja tukipaka upande wa pili, halafu tubadilishane. Mama Mmbone hakukataa kusogea kwa ugomvi. Alisema tu kwamba katikati hakufiki kivuli cha madarasa wala cha mikaratusi, na kwamba yeye ni mzee, na kwamba mtu akitaka kumhamisha aje mwenyewe amwambie.

Makokha alipopelekewa ujumbe huo akashika kichwa, yaani akashika kofia.

"Siwezi, Fundi. Nikimwambia aondoke nimemfukuza. Hata nikituma mtu, nimemfukuza kupitia mtu."

"Basi kazi imekwama."

"Haijakwama. Tutahamisha barabara."

Akaingia ndani ya pikapu na mchoro, rula na kifutio, akafunga vioo, akakaa humo mpaka vioo vikaota jasho. Mchoro wa wafadhili ulikuwa na njia panda safi katikati, barabara mbili zimekatana kama msalaba. Alipotoka, barabara zote nne zilikuwa zikifika katikati, zikiona aibu, na kuzunguka.

"Raundabauti," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameipanga tangu mwanzo. "Nchi zilizoendelea zote zinatumianga raundabauti."

Nikamuuliza upana wake. Akafikiri. Tukakubaliana upana uwe kiti, na mahindi, na urefu wa fimbo, kwa sababu kuku wenyewe walishajua kwamba hapo ndipo mpaka.

Sasa sikilizeni ufundi. Ukitaka kuchora duara kubwa unapigilia msumari katikati, unafunga kamba, unaivuta ikaze, unazunguka nayo ukichora kwa chaki. Msumari lazima uwe katikati hasa. Na katikati alikuwa ameketi mama mkwe wa mkandarasi. Nilizunguka pale na msumari wangu na nyundo kama mchawi asiyejua aanzie wapi. Mwishowe Mama Mmbone akaninyooshea mkono.

"Lete hiyo kamba."

Akaishika kwenye ngumi, akaikandamiza juu ya goti. Nikazunguka na chaki, nyuma nyuma, kamba imekaza, na yeye akigeuka pole pole na kiti chake.

"Usinivute, Fundi, nitaanguka kwa mahindi."

"Sikuvuti, mama, nakaza."

"Hiyo ndiyo inaitwa kuvuta."

Nimepaka raundabauti za mjini zilizopimwa kwa vyombo vya miguu mitatu. Hakuna hata moja iliyokuwa mviringo kama ile.

Makosa mengine yalikuwa ya kawaida, yaani ya kipumbavu. Mchoro ulikuwa na reli ya garimoshi inayokata barabara. Mwalimu Nafula akasema watoto wake garimoshi wanaliona kwenye vitabu tu, ila trekta la miwa linawapita kila siku, kwa hiyo reli tukaigeuza kuwa njia ya matrekta. Kisha, nilipoanza kupiga mishale kwa chaki, nikaona magari yote ya mchoro yanakwenda kulia. Wafadhili walikuwa wamechora mji wa kwao. Kenya tunaendesha kushoto, isipokuwa watu wa pikipiki ambao huendesha popote penye nafasi. Nikamwonyesha Makokha. Akageuza mchoro juu chini. Bado kulia. Akaugeuza tena. Kisha akaubandika kwenye kioo cha mbele cha pikapu, akaingia ndani akautazama kwa nyuma, jua likipenya kwenye karatasi, akapiga kelele ya furaha. Kutoka ndani ya gari kila kitu kilikuwa kushoto. Tangu hapo mtu akitaka kujua kitu kiko wapi kwenye mchoro ilibidi aingie garini. Siku hiyo wapakaji wawili walipaka jengo la polisi mgongo kwa mbele, na tulilifuta kwa petroli.

Halafu msimamizi anatakiwa asimamie. Makokha hakuweza kukaa nyuma ya pikapu muda wote, kwa hiyo akanunua mwavuli mkubwa kama wa kuuzia viazi sokoni. Akawa anatembea sakafuni akiwa ameushika ubavuni, kitambaa kikielekea kwa Mama Mmbone. Yeye akigeuka na kiti, Makokha naye anageuza mwavuli. Kutoka darasani watoto waliona mwavuli wenye miguu miwili ukizunguka raundabauti na kutoa amri.

"Huo mstari umepinda!" mwavuli ulikuwa ukisema.

"Mwambie mwavuli mstari haujapinda," Mama Mmbone alikuwa akiniambia. "Ni yeye amepinda."

Na kuku! Vijana, katika mafunzo yenu yote hakuna atakayewaambia kuhusu kuku, basi mimi nawaambia. Penye mahindi pana ingokho, yaani huyo kuku kwa lugha yetu, na ingokho haijui rangi mbichi. Jogoo mmoja mwekundu wa Mama Mmbone alivuka zebra ikiwa bado mbichi, akaenda mpaka kituo cha basi, akaacha nyayo nyeupe njia nzima. Tulitaka kuzifuta, Mwalimu Nafula akakataa. Alisema jogoo ndiye wa kwanza kutumia zebra ipasavyo na watoto wamfuate. Kisha tulipofikia kumwaga zile chembe za kioo, punje ndogo zinazomwagwa juu ya rangi mbichi ili mistari ing'ae ikimulikwa na taa, jogoo yule alirudi na kuzidonoa. Alizipenda kuliko mahindi. Tulimfukuza, na Mama Mmbone akatufukuza sisi kwa kumfukuza jogoo wake.

Bustani ilikwisha. Siku ya kuifungua, Mama Mmbone alimchinja jogoo yule amtumie mkwe wake, kwa sababu kazi imekamilika na heshima ni heshima. Firigisi ni ya mkwe, mnajua. Aliposafisha firigisi, ndani yake akakuta chembe za kioo, konzi ndogo nzima, safi kama zilivyotoka kwenye mfuko. Kuku alipikwa akaliwa na Makokha nyuma ya ofisi, peke yake, kwa obusuma, ugali wetu. Chembe Mama Mmbone alizifunga kwenye jani la mgomba akaweka ndani ya leso yake.

"Hizi ni mali ya mkandarasi," akaniambia. "Siku nikimpata nitamrudishia."

Wageni walihutubu. Siwakumbuki. Ninachokumbuka ni watoto wakiwa na maboksi viunoni wakizunguka raundabauti, na Mama Mmbone katikati kwenye kiti chake, mahindi miguuni, wakimpisha wote kwa adabu. Mwalimu Nafula alikuwa amewafundisha wimbo wa kuvuka, na mwisho wa wimbo walipaza sauti: "Pasipo na zebra, hatuvuki!" Ayuma alikuwa mstari wa mbele. Alivuka zebra ya bustani bila kuganda, akichechemea, akitazama kulia na kushoto kwenye uwanja usio na gari hata moja. Bibi yake alifuta macho kwa pembe ya leso. Mimi nilirudisha kizibao changu cha kung'aa, nikamwambia Makokha kwaheri, nikaenda nyumbani nikiwa mstaafu.

Nilistaafu kwa siku moja.

Kesho yake jioni nikiwa mezani, simu ikalia. Ilikuwa Mwalimu Nafula, na nyuma yake nikasikia kelele za honi na wimbo.

"Fundi, njoo haraka. Watoto wamekataa kuvuka."

"Wamekataa vipi?"

"Hakuna zebra. Wanasema pasipo na zebra hawavuki. Mimi mwenyewe ndiye niliwafundisha, sasa nitawaambia nini?"

Nilipofika, nilikuta watoto wa madarasa yote ya chini wamejipanga ukingoni mwa lami, wawili wawili, wameshikana mikono, wakiimba. Upande wa pili mama zao walikuwa wakipiga kelele waje nyumbani. Mama mmoja alikuwa amevuka, akamvuta mwanawe kwa sikio, na mtoto akawa analia kwamba mama yake anavunja sheria. Mama Mmbone alikuwa amechutama kando ya Ayuma akimtolea mgongo ampande.

"Hapana, kukhu," mtoto akamwambia bibi yake. "Hapa hakuna zebra. Na wewe pia usivuke."

Mama Mmbone alibaki amechutama. Kisha akainuka, akatazama barabara, akatazama shule, akaniona.

"Fundi, hiyo rangi iliisha?"

Makokha alikuwa ameshafika na pikapu yake, amesimama mbali, mwavuli tayari. Rangi ilikuwa imebaki nyuma ya gari. Nikamfuata.

"Fundi, usiniangalie hivyo," akasema. "Hii ni barabara ya serikali. Nikiweka hapo hata mlia mmoja bila kibali, watanifungia. Sitapata kazi tena mahali popote. Nina watoto."

"Hata wale wana watoto," nikasema, nikionyesha mama zao.

"Na magari nani atasimamisha? Hatuna hata koni moja."

Alisema kweli, na niliogopa kwa ajili yake. Mtu akifungiwa kazi hapa kwetu anabaki akiuza kizibao chake. Tulisimama pale tukitazamana, watoto wanaimba, lori la miwa likapita likatupepeta sote kwa vumbi.

Ndipo Mama Mmbone akaingia ndani ya shule, akaenda kwenye raundabauti yake, akarudi na kiti. Hakukimbia. Aliingia barabarani, akaweka kiti katikati ya lami juu ya mstari wangu, akaketi, akalaza fimbo magotini.

Lori lililofuata lilipiga breki mpaka miwa ikamwagika. Dereva akatoa kichwa dirishani, mdomo wazi, matusi yako tayari kwenye ulimi. Akamwona aliyeketi. Mdomo ukafungika. Alikuwa ameoa binti wa dada yake Mama Mmbone. Akazima injini, akatokea mlango wa upande wa pili, na tukamwona akiingia kwenye shamba la miwa. Nyuma yake kulikuwa na pikipiki tatu, na mmoja wa wale vijana akazima taa, akageuza, akarudi alikotoka. Kuna alama za barabarani ambazo nimezipaka mara nyingi na hakuna dereva aliyewahi kuziona. Huyu walimwona wote.

"Fundi," Mama Mmbone akaita bila kugeuka, "mwambie mwavuli nimeketi. Asinifanye niketi bure."

Makokha aliutazama mwavuli. Akaufunga, akaurusha ndani ya pikapu, akashusha debe la kwanza.

Tulifagia, tukapiga kamba, tukapaka. Mimi nilipaka karibu na kiti, Makokha alipaka kingo zote mbili, akitazama chini muda wote kama mtu anayetafuta sindano. Tulikuwa nusu ya kazi askari wa trafiki alipofika kwa pikipiki, kijana wa Kitui, mgeni wa eneo lile, hana shemeji wala mkwe huku.

"Nani amewapa kibali?"

Makokha akasimama, rola mkononi, jasho likimtiririka chini ya kofia. Niliona kazi yake yote ikiwa kwenye ncha ya rola ile.

"Afande," akasema, "kibali sina. Na mimi siwezi kumtoa mama huyo. Ni mama mkwe wangu. Kama wewe unaweza, enda."

Askari akamtazama Mama Mmbone. Mama Mmbone akamtazama askari.

"Wewe umeoa?" akamwuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mama ya bibi yako anaitwa nani?"

Askari akavua kofia, akaivaa tena. Kule kwao nako, nikajua hapo, mtu hataji jina la mama mkwe wake ovyo. Akaenda upande wa pili wa lori akaanza kuzuia magari kwa mkono.

Ilipobaki pale penye kiti tu, rangi ikiwa bado mbichi, Mama Mmbone akafungua pembe ya leso na kunipa lile jani la mgomba. "Mpe mwenyewe," akasema. Nikampelekea Makokha. Akazimwaga zile chembe juu ya milia, kidogo kidogo, kwa vidole, kama anayetia chumvi kwenye mboga. Tukamwomba mama ainuke tumalizie pale kiti kilipokuwa. Akasema atainuka watoto wakivuka, si kabla. Tukapaka kukizunguka kiti.

Rangi ilipokauka, walivuka wakiimba. Ayuma alifika ukingoni, akaganda, na mimi nikaganda. Akatazama kulia. Akatazama kushoto, palipokuwa na lori lililozimwa na askari aliyenyoosha mkono. Halafu akaingia kwenye milia kwa miguu yake mwenyewe, akafika kwenye kiti, akasimama, akamwambia bibi yake, "Kukhu, sasa unaweza kuvuka." Wakaondoka pamoja, bibi amebeba kiti, mtoto amebeba fimbo.

Wenye barabara walikuja, bila shaka. Walipima, wakapiga picha, wakamwandikia Makokha barua kali. Kisha kuna mtu kati yao aliyesema kufuta zebra mbele ya shule, mchana, watoto wakitazama, ni kazi ambayo yeye hataifanya, na kila aliyeulizwa akasema hivyo hivyo. Uchunguzi ukafanyika. Ukasema pale panafaa zebra. Wakatuma vijana wao kupaka upya, na mimi nikaenda na fimbo yangu kutazama. Walikuwa vijana wazuri, kama ninyi. Walifuata milia yetu mmoja mmoja bila kuuliza, na walipofika katikati, kwenye ule mraba mdogo wa lami tupu kiti kilipokuwa, ambao hatukurudi kuujaza, wakakwepa, wakauzunguka vizuri kwa brashi ndogo, wakaendelea.

Mama Mmbone alifariki mwaka jana, mahindi yakiwa shambani. Siku ya mazishi Makokha alikuja bila kizibao. Tulivuka barabara pamoja kuelekea nyumbani kwa marehemu, umati mkubwa, watu wakipita juu ya milia wanavyotaka. Makokha alipokaribia ule mraba alivua kofia, akashuka pembeni, akauzunguka mbali, akarudi kwenye zebra upande wa pili. Sikucheka. Nilimfuata, nami nikazunguka.

Rangi ile imeanza kufifia, na mwalimu wenu ameniambia kwamba baada ya masomo haya mtatumwa huko. Mtakuta katikati ya zebra nafasi ndogo isiyopakwa, na mmoja wenu mwenye macho makali atasema kuna kosa pale. Msiijaze.